Kukusanya nguo chuoni Moshi mpaka zimfikie anayezihitaji: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Kila tukikaribia kufunga chuo naulizwa swali lilelile na wanafunzi wa Moshi, wengine wa MoCU (chuo kikuu cha ushirika), wengine wa chuo kikuu cha Mwenge, wengine wa vyuo vya afya kule KCMC: tumekusanya nguo, viroba vimejaa mpaka mlangoni, sasa tunazipeleka wapi? Ukishafika kwenye hilo swali ujue kazi ilianzwa kinyume. Kukusanya ndo sehemu rahisi, wanafunzi wana nguo na wanatoa kwa moyo kabisa. Ugumu uko kwenye kuchambua na kujua nani anahitaji nini, hapo ndipo kampeni nyingi zinafia, nguo zinakaa chumbani mpaka zinapata ukungu alafu wodeni anaagiza zikatupwe.

Nimeandika kwa kufuata Moshi, ila nyie wa Arusha, iwe Njiro, Tengeru au Makumira, fuateni hivyohivyo, mbadilishe tu majina ya masoko.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Usianze kutangaza kabla hivi havijapatikana:

- Chumba kikavu chenye dirisha na kufuli. Funguo ziwe mbili, kwa watu wawili tofauti.
- Maboksi makubwa matano au sita. Maduka ya friji na TV mjini wanayatupa, ukienda mapema na kuomba vizuri wanakupa.
- Viroba vya salfeti vya kilo 50, kama 30 hivi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo msiwaambie watu walete nguo kwenye rambo.
- Mzani wa kuning'iniza, ule wanaotumia wanunuzi wa vyuma chakavu. Wa kuazima unatosha.
- Chaga za mbao za kuwekea viroba, visikae kwenye sakafu moja kwa moja.
- Meza mbili ndefu na turubai moja.
- Barakoa, glovu, sabuni ya unga, beseni, pasi.
- Sindano, nyuzi, vifungo, lastiki, zipu chache, na mkasi wa fundi. Mkasi wa karatasi hautakata jinzi, utaumia vidole bure.
- Kauntabuku moja, maka peni na selotepu.
- Hela ya usafiri, iwe mkononi kabla ya siku ya kwanza.

Watu kumi na mbili wanatosha, lakini wawe ni watu wa kuja kweli. Kamati ya watu arobaini kwenye grupu la WhatsApp alafu siku ya kuchambua wanakuja watatu haina faida.

## Hatua ya 1: Tafuta wapokeaji kabla ya kutafuta nguo

Hii ndo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, kwa hiyo naikazia.

Nguo za chuoni ni za watu wa miaka 19 mpaka 26. Yaani ni jinzi, tisheti, magauni ya mtoko, sketi za ofisini za wakati wa fildi (mafunzo kwa vitendo), masweta na viatu namba 38 mpaka 44. Sasa unakuta watu wanazipakia moja kwa moja kwenda kituo cha kulea watoto chenye watoto wa miaka mitano na sita, mama mlezi anashukuru kwa heshima, mkishaondoka anabaki na viroba vinane visivyomvalisha mtoto hata mmoja na stoo yake imejaa. Mmemwongezea kazi.

Kwa hiyo anza na kuuliza nani anavaa saizi hizi. Moshi wapo wengi:

Wagonjwa waliolazwa bila ndugu. Hospitali kubwa kama KCMC na Mawenzi zina ofisi za ustawi wa jamii, hao ndo wanajua nani yuko wodini na nguo moja aliyoletwa nayo. Hapa zinahitajika nguo pana, rahisi kuvua, vitenge, kanga, masweta yenye vifungo mbele.

Wapagazi wa mlimani. Kule juu, kilele kikiwa mita 5,895, mtu anabeba mzigo wa mgeni na yeye hana koti la maana. KPAP, mradi wa kusaidia wapagazi wa Kilimanjaro, wapo hapahapa Moshi na wana utaratibu wa kuwaazimisha wapagazi nguo za mlimani bila malipo. Mkipata majaketi mazito, glovu, kofia za sufu, soksi mpya au buti, waulizeni hao kwanza kabla hamjafikiria pengine.

Vijana wa sekondari walioko kwenye vituo, wazee wa kata zilizo karibu na chuo, na kina mama wanaojifungua bila maandalizi. Kwa hao anzeni na mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kata. Kwa vituo vya watoto piteni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, yeye anajua kituo kipi kina leseni. Kituo kisichojulikana kwake msipeleke, hata kama mnamfahamu mwenye nacho.

Mkifika msiseme tuna nguo tunataka kuwaletea, kwa sababu hamna mtu atakayekataa. Ulizeni hivi: "Shikamoo mama, sisi ni wanafunzi wa chuo, mwezi ujao tutakusanya nguo. Tunaomba utuambie mnahitaji za aina gani na saizi gani, na zipi mnazo za kutosha tusiwaletee." Hilo swali la mwisho ndo linafungua mdomo. Andikeni kila kitu, jina la ofisi, idadi ya watu, saizi, na siku wanayoweza kupokea.

Imekamilika ikiwa: mna wapokeaji watatu kwa maandishi, na kila mmoja amesema asichotaka.

## Hatua ya 2: Ruhusa na tarehe

Barua moja kwa mlezi wa wanafunzi, nakala kwa serikali ya wanafunzi na kwa wodeni wa kila hosteli. Itaje chumba, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza na majina mawili ya kuwajibika. Walinzi wa getini nao wapewe nakala, la sivyo siku ya kutoa viroba mtazuiwa na kirikuu iko inawasubiri na dereva anahesabu muda wake.

Tarehe ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Masika ya huku ni Machi mpaka Mei, nguo zinafika na unyevu na hamna jua la kuanikia, mkikusanya Aprili mnakusanya ukungu. Wiki za UE (mitihani ya mwisho wa muhula) nazo msiziguse, hamna mtu mwenye muda. Wakati mzuri ni Juni mwishoni mpaka Julai: wiki moja kabla ya UE, alafu mrudi tena siku za watu kuhama hosteli. Finalisti anayepanda basi la Songea au Mwanza anataka kupunguza mzigo, na atakupa nguo nzuri ambazo mwezi mmoja nyuma asingezitoa. Na ndo kipindi cha baridi, watu wa Kibosho, Old Moshi na Marangu wanahitaji sweta sasaivi, siyo Desemba.

Kukusanya kuwe siku tano tu. Boksi likikaa zaidi ya hapo linaanza kuwekewa chupa za maji na maganda ya ndizi, nimeliona hili kwenye hosteli za vyuo tofauti na haliachi kutokea.

## Hatua ya 3: Tangazo linalosema mnachokataa

Tangazo la "leta nguo yoyote" linaleta nguo yoyote kweli. Pitisheni ujumbe kwa maCR (viongozi wa darasa) wa kila kozi, mfupi, kama huu:

"Wadau, kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa tunapokea nguo na viatu kwa ajili ya wagonjwa wasio na ndugu, wapagazi na wazee wa kata yetu. Leta iliyofuliwa na kukauka. Sweta, jaketi, kitenge, suruali na viatu jozi kamili vinahitajika zaidi. Iliyochanika ilete pia ila kwenye mfuko wake, tutaigeuza kitambaa. Hatupokei nguo za ndani, mito wala sare za ulinzi. Kagua mifuko kabla ya kuleta."

Kuhusu nguo za ndani, TBS walishapiga marufuku kuuza za mtumba, na hata mkigawa bure inabaki kwamba mtu hapewi chupi ya mwenzake. Mkitaka kusaidia hapo, nunueni mpya kwa kuchangishana.

Kuhusu mabakabaka, hilo msilifanyie mchezo. Agosti 2023 JWTZ waliwapa wananchi siku 7 wasalimishe mavazi ya jeshi na yanayofanana nayo, na raia haruhusiwi kuyavaa. Kombati ikiingia kwenye boksi msimpe mtu, msikate matambara, pelekeni ofisi ya ulinzi ya chuo na muandike kwamba mmepeleka.

Kama mna mpango wa kuuza sehemu ya nguo ili kupata nauli, semeni kwenye tangazo tangu mwanzo. Watu wanakubali bila shida wakiambiwa mapema, wakigundua baadaye mwakani hawatoi hata kanga.

## Hatua ya 4: Siku tano za kupokea

Maboksi yakae pale watu wanapopita na kuna mtu anayaona, yaani mlango wa hosteli karibu na mlinzi, siyo kona ya nyuma ya kantini. Jioni saa kumi na mbili mpaka saa mbili usiku kaeni wawili pale kwenye kila boksi, ndo muda watu wako vyumbani. Kila usiku maboksi yamwagwe kwenye viroba, viroba vipimwe, vipewe namba kwa maka peni, viingizwe kwenye kauntabuku na watu wawili wasaini.

Kupima kuna sababu. Tisheti ni kama gramu 200, jinzi kama 600, sweta kama 400, kwa hiyo mwanafunzi mmoja akileta hivyo vitatu ni kilo 1.2. Wanafunzi 100 ni kilo 120, zaidi ya mabelo mawili na nusu ya kilo 45. Na ni nguo 300, ambazo mkikadiria dakika moja kwa kila nguo ni saa tano za mtu mmoja amesimama mezani. Piga hiyo hesabu usiku wa pili, mkiona watu wa kuchambua hawatoshi, ongezeni watu au fungeni maboksi mapema. Hamna aibu kufunga mapema.

Angalizo: nguo yenye unyevu isiingie chumbani hata moja, inaharibu kiroba kizima. Anikeni usiku huohuo kwenye kamba.

## Hatua ya 5: Kuchambua

Hapa ndo moyo wa kazi yote. Tengeni Jumamosi nzima, mchana, kwenye mwanga wa jua, meza zikae nje au dirishani kwa sababu madoa ya mafuta na ukungu hayaonekani vizuri kwenye taa.

Kabla ya kuanza nendeni soko la Memorial au la Kiboriloni mkamwombe mama mmoja wa mitumba aje awafundishe saa moja, na mumlipe muda wake. Hawa kina mama wanafungua mabelo kila wiki, mkono wake ukigusa nguo anajua kama itavalika miezi sita au itapasuka leo. Atawaonyesha kushika kitambaa cha kwapani na cha katikati ya miguu mkakivuta, maana ndipo nguo inapokufa kwanza. Hicho kitu hamtakipata kwenye kitabu.

Kila nguo ipite kwa mpangilio huu: mifuko kwanza, wawili wakiangalia, kwa sababu mtakuta flashi, vitambulisho, kadi za benki na hela. Vinavyopatikana viandikwe vitangazwe kwenye magrupu. Alafu zipu, vifungo, kola, kwapa, paja, pindo. Alafu inuseni. Alafu iende kwenye moja ya mafungu haya.

Fungu la kwanza ni la kutoa. Swali la kujiuliza ni moja, je, ningempa mdogo wangu hii avae kesho? Kama unasita, isiende hapa. Msiseme "si wanapewa bure", mtu mwenye shida anajiona vilevile kwenye kioo.

La pili ni la fundi, zipu imekufa, kifungo kimetoka, pindo limelegea. Fundi cherehani wa mtaani au wanafunzi wa ushonaji wa VETA watalimaliza kwa siku mbili wakipata zipu na nyuzi kutoka kwenu. Na hapa ndo mnaweza kuomba suruali kubwa zipunguzwe ziwe za watoto wa sekondari.

La tatu ni kitambaa, yaani haivaliki tena ila nguo yenyewe bado nzima kwa sehemu.

La nne ni taka. Nguo yenye ukungu mweusi uliokomaa, iliyomwagikiwa rangi au kemikali ya maabara, viatu vilivyooza soli. Hizi ziende dampo kwa gari la taka la manispaa. Msichome. Poliesta ikiungua inatoa moshi mbaya, na kuchoma takataka nyuma ya hosteli ndo njia ya haraka ya kunyang'anywa ruhusa mwakani.

Viatu vifungwe jozi kwa jozi kwa kamba zake vikiwa bado mezani. Mkiviacha wazi, jioni mtakuwa na kiroba cha viatu vya mguu mmoja mmoja.

Mkimaliza, fungu la kwanza ligaweni kwa mpokeaji, siyo kwa aina ya nguo. Rudini kwenye daftari la hatua ya 1: hospitali wanataka nini, wapagazi nini, kata nini. Kila kiroba kiandikwe nje jina la mpokeaji, jinsia, saizi na idadi.

Imekamilika ikiwa: unaweza kufumba macho ukagusa kiroba chochote na mwenzako akasoma nje kinaenda wapi na kina nguo ngapi.

## Hatua ya 6: Kufua, na habari ya kunguni

Tuongee wazi, hosteli zina kunguni. Mkipeleka kunguni wodini au kwenye kituo cha watoto mmeharibu kuliko mlivyosaidia.

Kunguni na mayai yake hufa kwa joto la kama nyuzi 50 na kuendelea, maji ya baridi na sabuni peke yake hayatoshi. Nguo za pamba na jinzi zilowekeni kwenye maji ya moto kweli, anikeni juani, alafu pasi ya moto ipite kwenye mishono, kola na pindo ndani na nje, maana huko ndo wanajificha. Kwa sufu na poliesta tumieni pasi ya moto wa wastani na kitambaa chenye unyevu juu yake. Makoti mazito yasiyofulika kirahisi yakaguliwe mshono kwa mshono, mkiona vidoa vyeusi vidogo vidogo mfano wa nukta za kalamu, hilo koti litengwe peke yake.

Wadudu wa upele wenyewe hawaishi muda mrefu nje ya ngozi ya mtu, nguo ikifungwa kwenye mfuko siku tatu mpaka wiki wanakufa. Kwa hiyo hata nguo ambayo mwenye nayo amesema ameshafua, ikae imefungwa wiki moja kabla ya kutoka.

Msiweke vidonge vya nafthalini, vile vyeupe vya kabatini. Vina sumu, na watoto wachanga wenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu) vinaweza kuwavunja chembe za damu. Kiroba kikavu juu ya chaga kinatosha.

## Hatua ya 7: Fungu la kitambaa

Hapa watu wanakata tamaa wakati ndo kuna faida ya haraka. Kwanza tenganisheni pamba na poliesta, kwa sababu pamba inanyonya maji na mafuta, poliesta hainyonyi, inasambaza tu. Ukiwa na wasiwasi chomoa uzi mmoja, toka nje, uwashe ukiwa umeushika kwa koleo: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta inayeyuka na kuganda kidonge kigumu.

Tisheti za pamba kateni vipande vya kama sentimita 40 kwa 40, toeni vifungo, zipu na maandishi ya mpira, fungeni mafungu ya kilo moja. Gereji za mjini zinatumia matambara kila siku kufutia oili na wengi watanunua. Ongeeni nao wiki moja kabla mjue wanataka kilo ngapi. Jinzi zinatoa vishika sufuria na mabegi imara, mashuka na taulo yanakuwa madekio, poliesta kateni vipande vidogo iwe ya kujazia mito ya kukalia. Zipu na vifungo vilivyochomolewa mrudishieni yule fundi wa hatua ya 5.

Kuna wanaofikiria kwamba kwa sababu Arusha kuna viwanda vya nguo kama Sunflag na A to Z basi unapakia tu unawapelekea. Msikodi gari kabla ya kuongea na kiwanda chenyewe mkapata jibu.

## Hatua ya 8: Kufikisha

Kubalianeni bei ya kirikuu au toyo kabla ya kupakia, na pigeni simu kwa mpokeaji siku moja kabla. Nendeni watu watatu au wanne, msiende basi zima la wanafunzi, mnawachosha wenyeji na wodi siyo mahali pa msafara.

Kama mnagawa wenyewe kwenye kata, msimwage nguo chini. Tundikeni kwenye kamba na henga kama wanavyofanya Memorial, wakubwa upande huu, vijana upande huu, kila mtu apite achague nguo tatu anazozipenda na mahali pa kujaribishia pawepo. Bibi akichagua kitenge chake mwenyewe anakivaa, akikabidhiwa asichokipenda kinaishia kuwa dekio. Wazee wapite kwanza, na wasioweza kufika wapelekewe na mjumbe anayewajua.

Picha: pigeni viroba, kauntabuku na nyie wenyewe mkifanya kazi. Sura za watoto na za wagonjwa hapana, hata mlezi akiwaambia haina shida. Kuna Sheria ya Mtoto ya 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata zisingekuwepo, mtoto wa kituo atakua, atasoma, na haipendezi akaja kujikuta mtandaoni ameshika suruali ya msaada.

Kila mpokeaji asaini idadi aliyopokea. Alafu baada ya wiki mbili mpigie simu umuulize zipi hazikufaa. Andika majibu yake nyuma ya kauntabuku, ndo orodha ya kuanzia kwa watakaofanya mwakani.

## Hatua ya 9: Hesabu na chumba

Ndani ya wiki moja bandikeni karatasi moja ubaoni na kwenye magrupu: kilo zilizoingia, nguo zilizotoka na kwa nani, kilo za matambara, hela iliyopatikana na ilivyotumika, kilo zilizotupwa. Iliyotupwa msiifiche, inawafundisha watu walete nini.

Chumba kifagiliwe, chaga zirudishwe, funguo zote mbili zikabidhiwe kwa wodeni na asaini. Kauntabuku, mzani na mkasi wa fundi vikae kwa mtu wa mwaka wa kwanza au wa pili, siyo finalisti, maana finalisti ataondoka navyo kwenye begi.